Samaki Aliyerudi Mto Wandle

Mgeni afikapo London huonyeshwa mto Thames, madaraja yake, na majumba ya serikali yaliyosimama kandokando yake. Ni nadra mgeni huyo kuonyeshwa mto Wandle. Huo ni mto mdogo wa kusini mwa jiji, wenye urefu wa kilomita 14 hivi. Mtu mwenye miguu ya kutembea anaweza kuufuata tangu chemchemi zake za Croydon na Carshalton hadi unapoungana na Thames pale Wandsworth, na akarejea nyumbani kabla jua halijatua. Hata hivyo, katika habari za mto huo limo fundisho lisilowahusu Waingereza peke yao. Ni habari za mto uliouawa na watu, kisha ukarudishiwa uhai na watu wengine ambao hawakulipwa hata senti moja.

Maji ya Wandle hutoka katika miamba ya chokaa. Mvua inyeshayo vilimani huzama ardhini, huchujwa humo kwa muda mrefu, na mwishowe hububujika ikiwa baridi na maangavu. Maji ya namna hiyo ndiyo ayapendayo samaki aitwaye trauti. Samaki huyu, mwenye madoadoa meusi na mekundu ubavuni, hastahimili joto wala uchafu. Huhitaji maji yaendayo mbio, yenye hewa tele ndani yake. Majira ya baridi yaingiapo, jike hulala ubavu na kuupigapiga mkia wake juu ya changarawe mpaka akafanya shimo. Humo hutaga mayai, dume akayarutubisha, kisha jike akayafukia kwa changarawe nyingine na kwenda zake. Tangu hapo mayai hayana mlezi ila maji yapitayo katikati ya vijiwe. Maji yakipita safi, mayai hupata pumzi. Yakileta tope, tope huziba nafasi zote, na mayai hufa yangali gizani, pasipo mtu kujua.

Zamani Wandle ulisifika mno kwa trauti. Amiri wa majeshi ya majini ya Uingereza, Horatio Nelson, alinunua nyumba huko Merton, kando ya mto huo, mwaka 1801. Alikuwa amekwisha kupoteza mkono wake wa kuume vitani mwaka 1797, lakini yasimuliwa kwamba hakuacha kuvua samaki, akijizoeza kuishika fimbo ya ndoano kwa mkono wa kushoto. Mfereji wa maji ya Wandle uliopita bustanini mwake uliitwa Nile, kwa ukumbusho wa ushindi wake wa mwaka 1798 katika pwani ya Misri. Msomaji aliyekwisha kuiona Nile yenyewe ikitoka Ziwa Victoria pale Jinja anayo ruhusa ya kutabasamu.

Lakini mto uliompendeza mvuvi uliwapendeza wenye viwanda pia. Wandle hushuka kwa kasi, na kasi hiyo iliweza kuzungusha magurudumu. Vikajengwa vinu vya unga, vya karatasi, vya shaba, vya ugoro na vya baruti. Vikafuata viwanda vya ngozi na vya kutia nguo rangi. Mwaka 1881 msanii mashuhuri William Morris alihamishia karakana zake Merton, kwa sababu maji ya Wandle yalifaa kusuuzia vitambaa vyake. Kila kiwanda kiliyachukua maji yakiwa safi na kuyarudisha yakiwa na kitu ndani yake. Ikafika wakati mto ukawa hubadilika rangi kwa kufuata kazi ya siku hiyo: leo mwekundu, kesho wa buluu.

Hakukosekana mtu wa kulia. Mwandishi John Ruskin, aliyeifahamu Carshalton tangu utoto wake, alieleza kwa uchungu mwaka 1866 jinsi chemchemi za huko zilivyogeuzwa majalala. Baadaye aligharimia kusafishwa kwa chemchemi moja kwa ukumbusho wa mama yake. Ilikuwa kazi njema, lakini chemchemi moja haiwezi kuuosha mto mzima, na mkono wa mtu mmoja, hata akiwa tajiri na msomi, huchoka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kabla ya nusu ya karne ya 20 kutimia, trauti alikuwa ametoweka Wandle. Ilipofika miaka ya 1960, mto ule ambao Nelson aliuvua ulihesabiwa kuwa mfereji wa maji machafu tu.

Viwanda vingi vilifungwa katika miaka iliyofuata, na usafishaji wa maji taka ukawa bora zaidi. Maji yakaanza kupata nafuu. Kilichobaki ni takataka, na pamoja na takataka, mazoea. Watu walikwisha kuzoea kuupa mto kisogo. Mtoto alizaliwa, akakua, akaoa, naye hakuwahi kuambiwa kwamba mtaro ule wa nyuma ya maduka ulikuwa mto.

Mnamo mwaka 2000 hivi, wakazi wachache waliopenda uvuvi waliamua kuingia majini wenyewe. Kutokana na juhudi hizo kikazaliwa chama cha kujitolea kiitwacho Wandle Trust, ambacho baadaye kilikua na kuhudumia mito mingine ya kusini-mashariki ya Uingereza. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kutimiza: Jumapili moja ya kila mwezi, katika jua au manyunyu, watu hukutana mahali palipochaguliwa, huvaa suruali za mpira zifikazo kifuani, hushika kamba na ndoana za chuma, na kuingia mtoni. Wasioweza kuingia hubaki ukingoni kupokea na kupanga kinachotolewa.

Na vilivyotolewa vingetosha kufungulia duka la mitumba: matairi, baiskeli, mabomba, vitoroli vya madukani, hata pikipiki. Vitu hivyo havikuletwa na mafuriko kutoka nchi ya mbali. Vilitupwa na watu wa mitaa ile ile, na sasa vilikuwa vikitolewa na majirani zao. Miongoni mwa waliovuta kamba wamo akina baba na akina mama, wastaafu na vijana, na watoto waliokabidhiwa kazi za ukingoni. Askari aliyewahi kushiriki usafi wa kambi ataelewa vizuri jambo hili: mtu aliyeinama kuokota taka kwa mikono yake mwenyewe huona haya kutupa nyingine kesho yake.

Watu hao walitamani pia kumrudisha trauti, na hapo wakazigeukia shule. Katika mpango ulioanza miaka ya mwanzo ya karne hii, madarasa ya shule zilizo karibu na mto yalipewa matangi ya maji yenye mashine ya kupoza, na kila mwanzo wa mwaka yakaletewa mayai ya trauti. Watoto walipima joto la maji, wakaondoa mayai yaliyokufa yasiyaharibu mengine, wakangoja. Ngoja hiyo yenyewe ilikuwa somo. Katika maji ya nyuzi 10 za sentigredi yai la trauti huchukua yapata siku 40 kuanguliwa. Maji yakizidi kuwa baridi, siku huongezeka. Kifaranga akitoka hajui kula bado. Hubeba chini ya tumbo lake mfuko wa kiini cha yai kama masurufu ya safari, na hujificha kwenye vijiwe hadi akiba hiyo iishe. Ndipo huinuka, akautafuta mdomo wake chakula. Majira ya baridi yakiisha, watoto waliwachukua wadogo wao hao hadi mtoni na kuwaachia taratibu, huku wazazi wakitazama. Mzazi ambaye mwanawe ameweka samaki mtoni hawezi tena kuuita mto ule mtaro.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Tarehe 17 Septemba 2007, klorini kali iliyotumika kusafishia vyombo katika mtambo mmoja wa maji taka ilipenya na kuingia Wandle. Kwa muda mfupi maelfu ya samaki, wakubwa kwa wadogo, walikufa katika sehemu ya mto yenye urefu wa kilomita 5 hivi. Kazi ya miaka mingi ilielea juu ya maji ikiwa imegeuza matumbo juu. Kampuni iliyohusika iliomba radhi, ikatozwa faini mahakamani, na ikaahidi paundi 500,000 za kuusaidia mto. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na fedha hazimfufui samaki aliyekufa.

Siku kama hiyo ndiyo impimayo mtu wa kujitolea. Mwajiriwa ana mshahara wa kumrudisha kazini hata akivunjika moyo. Askari ana amri na kiapo. Mtu wa kujitolea hana kitu cha kumrudisha ila nafsi yake, na hakuna ambaye angemlaumu kama angetundika suruali yake ya mpira ukutani na kubaki kitandani Jumapili iliyofuata. Watu wa Wandle walirudi, wakaanza tena.

Tena hawakurudi kama walivyokuwa. Kadiri miaka ilivyopita walizidi kutambua kwamba kutia samaki mtoni ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Samaki hubebwa ndooni, humiminwa, watu hupiga makofi na kwenda zao. Swali ni nini kitakachompata siku ya pili, na mwaka wa pili, na kama atapata mahali pa kutaga. Mto ambao kila mwaka hauna budi kuletewa samaki wapya ni sawa na nyumba ambayo wageni hulala usiku mmoja wakaondoka. Kwa hiyo jitihada zikaelekezwa kwenye nyumba yenyewe. Changarawe safi ilimwagwa mahali palipofaa kutagia. Magogo yalifungwa mtoni ili maji yapinde na kuongeza kasi, yasombe tope na kuacha vishimo vya kujificha. Vizuizi vilivyojengwa zamani kwa ajili ya vinu vilishushwa au kuondolewa. Palipokuwa hapana budi vibaki, zilijengwa njia maalumu za samaki kupandia.

Kazi hiyo haina shangwe, kwani hakuna apigaye makofi kwa sababu ya changarawe. Lakini ndiyo iliyozaa tunda lililokuwa likingojewa. Katika Wandle wameonekana vifaranga vya trauti ambavyo havikutoka katika tangi la darasa lolote. Vimezaliwa mtoni penyewe, katika shimo lililochimbwa na mkia wa mama yao, katikati ya mitaa yenye mabasi na maduka.

Ushindi huo hauna mwisho wake. Mwezi Februari 2025 maelfu ya lita za dizeli yalimwagika tena katika Wandle, na kwa mara nyingine watu wakajikuta ukingoni wakihesabu hasara. Mto wa mjini ni kama mtoto mwenye afya dhaifu: hauwezi kuachwa peke yake kwa sababu tu jana ulicheka.

Trauti hakuishia kwao. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walileta mayai yake Kenya na kuyatia katika mito baridi ya milima ya Aberdare, Gura ukiwa miongoni mwa ya kwanza. Huko yeye ni mgeni, na mgeni wa namna hiyo huweza kuwala wenyeji. Kwa hiyo fundisho la Wandle kwa watu wa Afrika Mashariki halimo katika kuagiza trauti. Ziwa Victoria lina ningu wake, samaki ambaye mvua zikinyesha huacha ziwa na kupanda mito kwenda kutaga, kama walivyofanya mababu zake. Yeye naye amepungua sana, kwa kuvuliwa akiwa njiani kwenda kuzaa, na kwa mito yake kuharibiwa. Naye hahitaji tangi wala ndoo, ila mto ulio wazi na mtu wa kumwacha apite.

Nyumbani ndiko jambo hili lianziako. Mafuta yaliyokaangiwa, yakimwagwa mtaroni, husafiri. Povu la sabuni husafiri. Oili chafu iliyotolewa katika injini ya gari, ikiachwa ardhini karibu na karakana, hungoja mvua ya kwanza kisha nayo husafiri. Hakuna mtaro uendao pasipojulikana. Yote huenda kwa jirani aliye chini ya mkondo, na jirani huyo ana watoto wanaoteka maji. Familia zikikubaliana kuwa na pipa moja la oili chafu, shimo moja la taka, na siku moja katika mwezi ya kutembea ukingoni na magunia, hazitahitaji kungoja bajeti wala mgeni wa kuja kuwafungulia kazi hiyo kwa hotuba.

Watoto wa Wandle walioachia samaki wao wa kwanza miaka ile sasa ni watu wazima, na huenda wengine wana watoto wao. Wakipita darajani leo, wakasimama kidogo na kuinama, yawezekana wakakiona kivuli chembamba kimesimama dhidi ya mkondo, kikitikisa mkia polepole. Samaki huyo hawajui wao, wala hana deni la kuwashukuru. Yeye anaishi tu, mahali ambapo kwa miaka mingi hakuna kiumbe cha namna yake kilichoweza kuishi.