Kuonja Kabla ya Kupakua

Alfajiri ya tarehe 30 Juni 2009 nilikuwa stendi ya Ubungo na bahasha kumi na moja mkononi. Kila bahasha ilikuwa na flashi moja na karatasi niliyoiandika kwa mkono: funga programu, chomeka flashi, bofya mara mbili, usizime kompyuta mpaka uone neno TAYARI. Makonda wa Morogoro, Arusha, Mbeya na Mwanza walipokea hela ya soda, wakazitupa bahasha juu ya dashibodi, na kabla jua halijachomoza mabasi yalikuwa yameondoka.

Bajeti mpya ilikuwa imeshusha Kodi ya Ongezeko la Thamani kutoka asilimia 20 hadi 18, kuanzia tarehe 1 Julai. Sisi vijana watatu, tuliopanga chumba juu ya duka la magodoro Kariakoo, tulikuwa tumeuza programu ya mauzo kwa maduka yapatayo arobaini, na yote yalitakiwa yaamke na kiwango kipya. Kazi yenyewe ilikuwa mstari mmoja. Palipoandikwa 20 tukaandika 18. Tukatoa ankara moja, hesabu ikaja sawa, tukakaa kunakili flashi mpaka saa nane usiku. Majaribio yetu yalikuwa hayo, ankara moja. Kwa kawaida hata hiyo moja hatukuwa nayo: aliyepiga simu kulalamika ndiye aliyepelekewa kiraka, na kiraka kilichomfaa yeye kilisambazwa kwa wengine kadiri tulivyopata nauli.

Saa nne asubuhi ya tarehe 1 ikaingia simu ya mama mmoja muuza vipuri vya magari eneo la Gerezani.

“Mwanangu, mashine yenu imeniibia elfu mbili.”

Fundi wa gereji alikuwa amefika kuomba nakala ya ankara yake ya Mei. Beringi na breki, shilingi 100,000, kodi 20,000, jumla 120,000. Nakala iliyotoka kwenye printa ilisema 118,000. Tarehe ileile, namba ileile, bidhaa zilezile. Nilimwomba aichapishe tena, kama vile ankara ingeona haya na kujirekebisha.

Nilijua kosa kabla sijakata simu. Programu yetu haikuwa ikihifadhi kodi. Ilihifadhi bei tu, na kila ulipoichapisha ankara ilipiga hesabu ya kodi upya kwa kiwango kilichopo siku hiyo. Tangu asubuhi ile, kila kitu kilichowahi kuuzwa katika maduka yale kilikuwa kimeuzwa kwa asilimia 18. Tulikuwa tumebadili historia ya watu arobaini kwa tarakimu mbili, na hapakuwa na namna ya kuirudisha kwa kukaa ofisini. Basi likishatoka Ubungo limetoka.

Kurekebisha kulichukua siku mbili: kila ankara ikae na kiwango cha tarehe yake. Kuzunguka na daladala kuwafikia wa Dar es Salaam kulichukua siku tatu zaidi, na wa mikoani wakasubiri bahasha nyingine. (Flashi zilizorudi zilirudi na virusi. Enzi zile flashi moja ikipita maduka matano ilitoka na maradhi ya yote matano.) Gerezani nilikuacha mwisho, kwa woga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kaa. Kwenu hampiki?”

“Tunapika, mama.”

“Mama yako hupakua kabla hajaonja?”

Miaka baadaye, neno hilohilo la kupakua lilipoingia kwenye simu zetu kwa maana ya kuteremsha programu, mimi nilikuwa nimeshalisikia kwa maana hiyo pale Gerezani, kati ya shokomzoba na mikebe ya grisi.

Alichosema baada ya kunimiminia chai ndicho kilichobadili kazi yangu. Siku nyingine mkiwa na kitu kipya, nileteeni mimi kwanza, lakini msikiweke kwenye kompyuta ya keshia. Kiwekeni kwenye ile ya nyuma. Nikamuuliza haogopi. Akanionyesha kitabu cha ankara chenye karatasi za kaboni. Miaka yote hakuwahi kuacha kuandika kwa mkono. Programu ikidanganya angejua, ikifa angeendelea kuuza. Ile ankara ya Mei ya fundi aliikunja, akaiweka kwenye kopo la biskuti. Kila tulipopeleka toleo jipya, kabla ya kusikiliza maelezo yetu ya mambo yaliyoongezwa, alitoa karatasi ile, akaandika namba, akachapisha, akazilinganisha mbili hizo kwa kuziinua kwenye mwanga. Ikija 120,000, alisema haya, tuendelee.

Upande wa pili alikuwapo mzee wa vifaa vya ujenzi Morogoro, aliyeshika msimamo mwingine kabisa: asiletewe kitu. Nilimwona mkaidi. Programu yetu ilikuwa na kosa la zamani, kwamba mteja akirudisha bidhaa, stoo haikuongezeka. Tulipolisahihisha tulifurahi sana, tukamtumia kiraka kwa basi bila hata kumuuliza. Mwisho wa mwezi akapiga simu kwa sauti ya upole, na upole wa mzee yule ulitisha kuliko ukali. Stoo yake ilikuwa na mifuko ya saruji ambayo haikuwapo duniani. Vijana wake walishazoea, kwa miaka miwili, kuongeza kwa mkono kila kilichorudishwa. Sasa programu nayo ilikuwa ikiongeza.

“Kosa lake nilikuwa nalijua,” akaniambia. “Usahihi wenu ndio sikuujua.”

Mpaka hapo nilidhani programu imara ni ile isiyo na makosa. Mzee wa Morogoro alitaka programu isiyohama mahali. Makosa yake ameshayapima, ameyajengea njia ya kuyazunguka, na kila usahihisho tunaomletea ni mgeni ndani ya nyumba iliyokwisha kupangwa. Tukakubaliana: yeye atapata kilichobadilishwa na sheria na kinachozuia hasara, basi. Mengine atayapata mara moja kwa mwaka, baada ya kuhesabu stoo, nami niwepo.

Nilipoanza kutunza seva zinazotumia mfumo wa uendeshaji wa Debian ndipo nilipogundua kuwa kuna watu walikwisha kuyapanga haya vizuri zamani, wakiwa wametawanyika nchi mbalimbali na wengi wakijitolea bila malipo. Kifurushi kipya huingia kwanza tawi lisilo thabiti, ambalo siku zote huitwa Sid, jina la yule mtoto wa filamu ya Toy Story anayevunja vitu vya kuchezea. Kikikaa siku kadhaa bila kuripotiwa kosa kubwa, huvuka kwenda tawi la majaribio, lililoanzishwa mwaka 2000. Tawi la majaribio likitulia lote, hugandishwa na kuwa imara. Na walio kwenye tawi imara, kosa la usalama likipatikana, kwa kawaida hawaletewi toleo jipya la programu. Marekebisho yenyewe hushonwa kwenye toleo lilelile la zamani. Mzee wa Morogoro angetia sahihi.

Gharama yake ni uzee. Toleo la Debian la mwaka 2002 lilingoja mpaka Juni 2005 kupata mrithi, na watu walilalamika kwamba imara imegeuka kaburi. Mimi, nilipokuja kuisoma habari hiyo, sikulalamika. Nilikuwa na mteja mmoja niliyeweza kumweleza hasa kwa nini.

Mfano ninaowapa vijana ofisini siku hizi ni wa Machi 2024. Mtu fulani alikuwa amejipenyeza kwa zaidi ya miaka miwili kwenye mradi mdogo wa kubana mafaili uitwao xz, akaaminiwa, akapewa funguo, kisha akapachika mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Matoleo hayo yakaingia kwenye matawi ya majaribio ya Debian na ya mfumo mwenzake, Fedora. Mhandisi Andres Freund, aliyekuwa akipima kitu kingine kabisa kwenye mashine ya Sid, akaona kuingia kwenye mashine kutoka mbali kwa njia ya SSH kunachelewa kama nusu sekunde, na prosesa inahangaika bila sababu. Nusu sekunde. Akafuatilia, akaukuta mlango, akautangaza tarehe 29 Machi. Watumiaji wa tawi imara la Debian hawakufikiwa. Wengi husifu mpangilio wa matawi, na mpangilio ulisaidia kweli. Lakini jiko lilikuwa na watu wengi wanaokula chakula kilekile, na mmoja tu ndiye aliyejua mchuzi wake huwa na ladha gani.

Kwetu, mkongo wa intaneti wa SEACOM, upitao chini ya bahari, ulizinduliwa Julai ileile ya 2009, siku ishirini na mbili baada ya aibu yetu, ingawa ilichukua miaka kabla ya maduka yetu kuwa na intaneti ya kutegemewa. Ilipokuja, tuliacha bahasha. Tukaweka orodha mbili kwenye seva: waonjaji sita, akiwamo mama wa Gerezani, na wengine wote. Kiraka kilikaa kwa waonjaji siku saba.

Kwa muda tulijiona werevu. Kisha toleo lililopita kwa waonjaji wote sita likakwama Sumbawanga siku ya kwanza, kwa sababu kitufe cha kuhifadhi hakikuonekana. Keshia wa kule alikuwa na skrini ndogo ya zamani, kitufe kikawa chini ya ukingo. Waonjaji wetu wote walikuwa Dar es Salaam, wote na skrini mpya, wote watu tuliowafikia kwa daladala moja. Tulikuwa tumechagua waonjaji kwa urafiki. Pia walikuwa wameanza kutuzoea: wanne kati yao hawakuripoti tena makosa, waliyavumilia tu kama watu wa nyumbani wanavyovumilia mlango unaogoma.

Sasa tunatengeneza programu za simu, na waonjaji hawaombwi. Unapandisha toleo kwenye duka la programu, unaandika asilimia tano, mtambo unapiga kura yake. Kesho yake unaangalia grafu ya programu kuanguka, unapanda hadi ishirini, halafu hamsini. Ni bora kuliko ankara yetu moja, sibishi. Sumbawanga imo, na skrini za kila aina zimo. Ila ukiona grafu imekwenda kombo unaweza kusimamisha usambazaji tu. Waliokwisha kupata wamepata, mpaka uwatumie kiraka kingine juu ya kile. Ni basi la Ubungo lilelile.

Tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za kwetu, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili dogo kwa kompyuta za Windows za wateja wake duniani kote kwa mkupuo. Walilisitisha saa mbili na dakika ishirini na saba. Microsoft ilikadiria mashine milioni 8.5 ziliangushwa, ndege zikabaki chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Kilichonishika ni habari ya wateja waliokuwa wamechagua makusudi kubaki toleo moja nyuma ili wengine waonje kwanza. Nao walianguka. Faili lile halikuhesabiwa kuwa programu, lilihesabiwa kuwa data, na data haikupitia foleni. Nilikumbuka ile 18 yetu. Nasi tuliiona kuwa namba tu.

Kwenye mfumo wetu wa leo kuna jaribio linalojiendesha kila usiku kwenye seva, kabla ya toleo lolote kutoka. Linatengeneza ankara ya Mei 2009, beringi na breki, shilingi 100,000, na kudai jumla iwe 120,000. Nililiita Gerezani. Mwaka jana kijana mpya, mzuri sana wa kazi, alikuwa akisafisha majaribio yaliyopitwa na wakati, akaniuliza kwa nini tunapima kiwango cha kodi kilichokufa yeye akiwa chekechea, na je, alifute.

Nilimwambia asiguse kitu mpaka jioni, apande daladala ya Kariakoo, aamkie vizuri, kisha aombe aonyeshwe kopo la biskuti.