Kununua Raba Katika Jumba la Maduka la Bloomington

Mgeni ashukaye katika uwanja wa ndege wa Minneapolis, kaskazini ya Marekani, hana haja ya kuuliza sana njia ya kwenda Mall of America. Treni ya mjini, iliyoanza kufika huko mwaka 2004, humchukua hapo uwanjani na baada ya muda mfupi humshusha penye jumba lenyewe, katika mji wa Bloomington, jimbo la Minnesota. Jumba hilo lilifunguliwa Agosti 1992, nalo lina maduka zaidi ya 500 chini ya paa moja. Kabla yake palikuwa na uwanja mkubwa wa michezo. Hata leo, katikati ya bembea na mitambo ya kuchezea watoto, limewekwa sakafuni bamba la kumbukumbu mahali aliposimama mpigaji katika mchezo wa besiboli.

Msomaji huenda akajiuliza kwa nini watu hawa wakafungia soko lao ndani ya kuta. Jawabu ni baridi. Majira ya theluji huko ni marefu, na mama mwenye mtoto mchanga hawezi kuzunguka duka hata duka barabarani. Ndiyo sababu katika mji wa Edina, jirani na Bloomington, lilifunguliwa mwaka 1956 jumba la Southdale, lililosanifiwa na Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna. Alitumaini kwamba watu wangekutana humo kama wanavyokutana katika viwanja vya miji ya Ulaya. Tangu hapo mfano huo ulienea Marekani nzima, na kwa mtindo huo huo yakaenea maduka yenye matawi, yaani maduka ya kampuni moja yanayofanana kila mji.

Raba nazo zilipata maduka yake. Duka la kwanza la Foot Locker lilifunguliwa mwaka 1974 katika jumba la maduka huko California, na wauzaji wake wakajulikana kwa mashati yao ya mistari, mfano wa mwamuzi wa mchezo. Raba zikatoka katika rafu ya nyuma ya duka la viatu, zikapewa mlango wao wenyewe.

Siku tuliyofika Bloomington tulifuatana na mama mmoja mzaliwa wa Uvira, aliyepewa makazi Minnesota pamoja na wanawe. Kifungua mimba wake, kijana wa miaka 14, alikuwa amekubaliwa katika timu ya shule ya mbio za nyika. Mazoezi yalikuwa yaanze Jumatatu, naye alikuwa na raba moja tu, iliyokwisha kuchakaa na kumbana vidole. Mama alikuja na fedha alizozitenga kwa kazi hiyo, wala hapakuwa na nyingine mpaka mwisho wa mwezi.

Ukuta mzima wa duka umepangwa raba, mguu mmoja mmoja, kila moja chini ya taa yake. Kijana hakukawia kuchagua. Alishika raba ya mpira wa kikapu, ndefu ya kifundo, yenye jina la mchezaji maarufu. Bei yake ilikuwa dola 160. Mama aliigeuza, akatazama soyo, akairudisha mahali pake bila neno.

Hapa yafaa tupime bei hiyo kwa jasho. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara katika jimbo la Minnesota kilikuwa dola 11 na senti 13 kwa saa. Kwa kima hicho, raba ya dola 160 ni kazi ya saa zaidi ya 14, kabla ya makato. Bidhaa haziwi rahisi kwa sababu ya wingi wake ukutani.

“Baba,” mama alimwambia mwanawe kwa upole, “hii ni ya kurukia. Wewe umechaguliwa kukimbia.”

“Lakini mama, wenzangu wote wanayo.”

“Wenzako watakusaidia kupanda kilima?”

Muuzaji, kijana mpole, alileta kifaa cha chuma cha kupimia mguu. Kifaa hicho kilibuniwa katika miaka ya 1920 na Charles Brannock wa Syracuse, ambaye baba yake alikuwa na duka la viatu. Hupima urefu wa mguu, upana wake, na umbali kutoka kisigino mpaka pale mguu unapokunjika. Kijana alisimama juu yake, mguu mmoja baada ya mwingine. Raba yake kuukuu ilikuwa namba 7, na kumbe mguu wake wa kushoto ulikuwa namba 8 na nusu, ukiupita kidogo ule wa kulia. Mama alinyamaza, akimtazama mwanawe vidoleni. Kwa muda wa miezi mingi mtoto hakulalamika, maana alijua hali ya nyumbani.

Ndipo muuzaji alipoonyesha raba ya mbio ya toleo la mwaka uliopita. Toleo jipya lilikuwa limekwisha kuwasili, kwa hiyo lile la zamani lilishushwa kutoka dola 130 hadi 75. Mama aliuliza kama itadumu. Alijibiwa kwa ukweli kwamba raba ya mbio hufanywa nyepesi, na sponji yake huchoka baada ya kilometa 500 hadi 800 hivi. Si katambuga ya tairi.

“Sisi tulikimbia peku,” mama alisema, akacheka. Ni kweli pia kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu; lakini huko Tokyo mwaka 1964 alishinda tena, akiwa amevaa viatu.

Penye kulipa palikuwa na jambo la kujifunza. Katika majimbo mengi ya Marekani, bei iliyoandikwa si bei utakayolipa, kwa sababu kodi huongezwa mwishoni. Minnesota haitozi kodi hiyo kwa mavazi, na raba ya kawaida ni vazi. Lakini kiatu chenye njumu huhesabiwa kuwa chombo cha michezo, nacho hutozwa. Mama alilipa dola 75 kamili.

Ndugu wasomaji wenye watoto wapendao mbio, iwe mnanunua dukani au katika mitumba, yazingatieni haya. Pimeni miguu yote miwili, mkachague kwa kufuata ule mrefu. Nendeni alasiri, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri mchana unavyosonga. Mtoto avae soksi zake, asimame, kisha kati ya kidole kirefu na ncha ya raba ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Msimnunulie kubwa mno kwa hoja kwamba atakua, maana kisigino kitateleza na kumtoa malengelenge. Namba nazo msiziamini pasipo kujaribu: namba 8 na nusu ya kiume ya Marekani hukaribia 42 ya Ulaya, lakini viwanda havilingani.

Tulipotoka, kijana aliitazama tena ile raba ndefu ya dola 160. Mama alimwona, hakumkataza. Alimkabidhi sanduku alibebe mwenyewe, nasi tukashuka kungoja treni.