Barua kutoka Columbus: Vipindi vya watoto anavyoangalia bibi



Msomaji mmoja wa Tanga ameniuliza kama watoto wa Marekani bado wanadamka Jumamosi kuwahi katuni, kama anavyoona kwenye filamu za zamani. Jibu fupi ni hapana. Katuni za Jumamosi za burudani tupu kwenye vituo vikubwa vya bure zilikwisha Septemba 2014, kituo cha CW kilipofunga saa zake za mwisho za katuni. Jibu refu ndilo barua yangu ya leo, maana ndani yake kuna sheria iliyotungwa kumtetea mtoto, ikafuatwa miaka na miaka, na mtoto mwenyewe akawa ameshaondoka zamani.

Kwangu hakuna kebo. Kebo na kodi ya nyumba havikai kwenye mshahara mmoja, kwa hiyo tumebandika antena bapa dirishani na tunapata bure ABC, CBS, NBC, Fox, CW na kituo cha umma, PBS. Jumamosi asubuhi ukizungusha rimoti kwenye vituo vya biashara utakuta daktari wa mifugo anamshona mbwa mguu, msafiri anaonja supu mji asioujua, halafu wanyamapori, na wanyamapori tena. Mfuatiliaji mkubwa wa vipindi hivi nyumbani kwangu ni mama mkwe, aliyekuja kutoka Morogoro kutusaidia kulea. Simba wakitokea anasogeza kiti. "Hao wa kwetu Mikumi," anasema, hata kama kamera iko Botswana. Kipindi kikikatika linaingia tangazo la dawa ya magoti, linafuata la bima ya wazee, kisha la vifaa vya kusikia. Kipindi kikirudi, kwenye kona ya skrini zimo herufi mbili ndogo, E/I, alama rasmi kwamba kinachorushwa ni elimu kwa watoto. Wajukuu wake wawili wako chumbani na tableti.

Tumefikaje hapa? Mwaka 1968, kule Massachusetts, mama mmoja aliyeitwa Peggy Charren alikusanya wazazi wenzake wakaanzisha kikundi cha kudai televisheni bora ya watoto. Hakutaka katuni zifutwe. Alichotaka ni kwamba anayepewa masafa ya umma atoe kitu kwa watoto zaidi ya kuwauzia peremende. Wakati ule hata vituo vya biashara viliweza kutoa kitu kizuri vikitaka: mwaka 1973 ABC ilianza kuchomeka kati ya katuni vipande vifupi vya Schoolhouse Rock!, vilivyofundisha hesabu na sarufi kwa nyimbo. Wazo lilitoka kwa mwenye kampuni ya matangazo ambaye mwanawe alikuwa anakariri nyimbo za redio bila shida, lakini jedwali la kuzidisha linamtoka kichwani.

Miaka ya 1980 upepo ukageuka. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, chini ya serikali ya Reagan, iliondoa mipaka ya matangazo, na wenye viwanda vya wanasesere wakaingia moja kwa moja kwenye kutengeneza vipindi. He-Man, Transformers, G.I. Joe: kila shujaa alikuwa na mwenzake wa plastiki dukani. Mmarekani wa miaka arobaini na kitu akikulilia kwamba serikali ilimuulia katuni zake, mkumbushe kwamba nusu ya alichokuwa anaangalia kilikuwa tangazo refu.

Bunge likapitisha sheria ya televisheni ya watoto mwaka 1990. Rais Bush mkubwa hakuitia saini wala hakuikataa, ikawa sheria hivyo hivyo. Iliweka kikomo cha matangazo, dakika 10 na nusu kwa saa mwishoni mwa wiki na dakika 12 siku za kazi, kwenye vipindi vya watoto wa miaka 12 kushuka chini. Tena ikavitaka vituo vioneshe vimefanya nini kuwaelimisha watoto kabla ya leseni zao kuhuishwa. Ila haikusema ni saa ngapi, wala elimu ni nini. Majibu yaliyoandikwa na vituo yanachekesha mpaka leo. Kuna waliodai kwamba The Jetsons, ile katuni ya familia inayopaa na gari angani, inaandaa watoto kwa maisha ya karne ya 21. Wengine waliitaja G.I. Joe, ya wanajeshi na bunduki za miale, kuwa ni elimu. Na hayo yaliandikwa na mawakili waliosoma wakasomeka, kwenye karatasi zilizopelekwa serikalini.

Ndipo mwaka 1996 FCC ikakaza kamba: saa 3 kwa wiki, kila kipindi kisipungue nusu saa, kirushwe kati ya saa moja asubuhi na saa nne usiku, kwa ratiba isiyoyumba. Tangu hapo saa zikawa zinahesabika.

Sitaki kuisingizia sheria hii kwamba peke yake ndiyo iliyoua katuni. NBC iliacha katuni mwaka 1992, kabla hata ya saa 3 kuwekwa, ikaleta habari na vichekesho vya vijana. Nickelodeon, Disney Channel na Cartoon Network, vyote vya kebo, vilikuwa vinarusha vipindi vya watoto siku nzima, na mtoto mwenye kebo hakuwa na sababu ya kungoja Jumamosi. Fedha ya matangazo ikawafuata watoto huko. Vituo vya bure vikabaki na wajibu usio na faida, na wajibu wa namna hiyo mfanyabiashara huutafutia njia ya bei nafuu.

Njia yenyewe ilikuwa ndani ya sheria. Kipindi cha elimu kinahesabika kikiwa cha mtu yeyote wa miaka 16 au chini yake. Lakini kikomo cha matangazo kinawahusu wa miaka 12 kushuka. Ukisema kipindi chako ni cha vijana wa miaka 13 hadi 16, unajaza saa zako 3 na kikomo cha matangazo hakikugusi. Basi wote wakagundua ghafla kwamba wana mapenzi makubwa na kijana wa miaka 14. Kampuni ya Litton, ya South Carolina, ilijenga biashara yake hapo: ilianza kuijazia ABC asubuhi ya Jumamosi mwaka 2011, CBS ikafuata 2013, CW 2014, NBC 2016. Fox yenyewe ilikuwa imeshaachana na katuni mwishoni mwa 2008, na saa zake nyingine za Jumamosi ikawauzia watu wa matangazo marefu ya bidhaa.

Vipindi vyenyewe si vibaya, nisije nikawaonea. Kile cha makumbusho ya The Henry Ford, kilichoanza CBS mwaka 2014, kinaeleza uvumbuzi vizuri kuliko baadhi ya walimu walionifundisha fizikia. Shida ni kwamba nimezunguka kwa majirani, kazini na kanisani, sijapata kijana wa miaka 14 aliyeamka Jumamosi kukiangalia. Watangazaji wa biashara wanalijua hilo, ndiyo maana dawa ni ya magoti. Kama kuna mtu aliyelengwa barabara na saa hizo, ni mama mkwe wangu.

Julai 2019 FCC ililegeza tena, kwa kura 3 dhidi ya 2. Hesabu sasa ni saa 156 kwa mwaka, zinaweza kuanza saa kumi na mbili asubuhi, saa 52 kati ya hizo si lazima ziwe za ratiba ya kila wiki, na baadhi ya zinazobaki kituo kinaruhusiwa kuzihamishia kwenye chaneli yake ya pembeni isiyoangaliwa sana. Waliounga mkono walisema watoto wameshahamia mtandaoni. Ni kweli, wamehamia. Waliopinga waliuliza habari za familia isiyo na kebo wala intaneti. Swali hilo ndilo lililonigusa, maana familia hiyo naijua.

Jirani yangu ni Mkongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa, mpaka "haki ya Mungu" yake. Alipofika Ohio na watoto wanne, miezi ya mwanzo hakuwa na intaneti ya nyumbani. Alikuwa na televisheni aliyopewa na kanisa na antena kama yangu. Wanawe walianza kusema Kiingereza kwa kuangalia Daniel Tiger, yule chui milia mdogo anayefundisha kuomba radhi na kungoja zamu, kwenye PBS, kile kituo cha umma. Binti yake wa miaka mitano alikuwa akinigongea mlango na kuniambia yuko "mad" kwa sauti ya katuni ile ile. Vituo vya biashara, na saa zao zote 156, havikumfundisha neno.

Na hicho cha umma ndicho kilichokatiwa fedha. Julai 2025 Bunge lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokwisha kutengewa shirika la utangazaji wa umma, fedha ya miaka miwili, na shirika likatangaza mwezi uliofuata kwamba linafunga shughuli zake. PBS bado ipo, inaishi kwa michango, lakini vituo vidogo vya mikoani vilivyotegemea fungu lile viko taabani. Kwa maoni yangu huu ni uamuzi mbaya kuliko ule wa 2019, kwa sababu ule ulipunguza vipindi ambavyo watoto walikuwa wameshaviacha, na huu umepiga vile wanavyoviangalia.

Wanangu, mkitaka kujua, kwenye ile tableti huangalia Akili and Me na Ubongo Kids, vinavyotengenezwa Dar es Salaam. Mkubwa amejifunza kuhesabu kwa Kiswahili humo, na bibi yake akimsikia huja kukaa naye, simba wa Botswana wakabaki peke yao sebuleni.

Nimalizie na wenzangu mlio Marekani mnaosoma safu hii. Kila Januari kituo chenu cha televisheni kinatakiwa kuwasilisha FCC ripoti ya vipindi vya watoto vya mwaka uliopita, na ripoti hizo ziko wazi kwa yeyote kwenye tovuti ya tume. Fungueni ya mji wenu, msome ni vipindi gani vimeandikwa kwa jina la mtoto wenu, kisha mkiandikie kituo. Mkipata jibu, mniletee nakala.