Milimita 4

Mama bado ananifulia mashati (anasema nikifua mimi nabakiza povu), na vidole vyake vina baridi yabisi. Masika haya nilimkuta akisugua mgongo wa shati jeupe, uso ameukunja. Ule mstari wa tope ulitoka kwenye baiskeli yangu ya mbio, isiyo na madigadi. Phoenix ya baba ilikuwa nayo.

Nikanunua. Hayakupita: kati ya tairi la milimita 28 na foku palibaki milimita 4.

“Mdogo wangu, hii haikutengenezewa mvua,” fundi akacheka.

Tukafunga tairi la 25. Bado. Akaikata madigadi ya mbele vipande viwili, kimoja mbele ya foku, kimoja nyuma.

Kokoto ikinasa, inakwaruza. Jana nilinyeshewa. Mama aligeuza shati, akatafuta tope, akalianika.