Kungoja Jibu

Kazi ya mkuu wa shule ina mambo mengi yasiyoandikwa katika barua ya uteuzi, na mojawapo ni kuwa mdhamini wa kila mtu. Katika miaka yangu ya utumishi wilayani Muleba niliandika barua nyingi za kuwapendekeza walimu wenzangu na wanafunzi wangu wa zamani kwa vyuo ambavyo mimi mwenyewe sikuvisoma wala kuviona. Elimu yangu iliishia chuo cha ualimu. Mtu wa chuo cha ualimu kuwathibitishia maprofesa wa Ulaya kwamba fulani anafaa kusomea shahada ya uzamili ni jambo la kuchekesha kidogo, lakini fomu zilitaka saini na muhuri, na muhuri nilikuwa nao mimi.

Kwa sababu hiyo nimengoja majibu mengi kuliko mwombaji yeyote. Mwombaji hungoja lake, likija la kheri au la shari anaendelea na safari. Mdhamini hungoja ya wote, na kila mwaka huanza upya.

Zamani zile majibu yalikuja kwa sanduku la posta la shule. Barua ilitoka Muleba kwa basi hadi Bukoba, mwendo wa kilomita kama 60, ikavuka ziwa usiku kucha kwa meli hadi Mwanza, ikaendelea hadi Dar es Salaam, ndipo ikapanda ndege kwenda nchi za watu. Jibu nalo lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Miezi mitatu haikumshangaza mtu. Tarishi wetu alikwenda posta kwa baiskeli mara mbili kwa wiki, na akirudi walimu walitoka madarasani kwa visingizio vya chaki. Tulijifunza kusoma bahasha kabla ya kufunguliwa. Bahasha nene ilikuwa na fomu za kujaza, maana yake umekubaliwa. Nyembamba ilikuwa na karatasi moja ya masikitiko. Tarishi, ambaye hakujua neno la Kiingereza, alikuwa bingwa wa fani hiyo kuliko sisi sote. Aliipima bahasha kiganjani na uso wake ukatoa matokeo.

Nakumbuka mwalimu mmoja aliyeomba nafasi Uingereza mwaka 1978. Oktoba ya mwaka huo majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini mwa mkoa, daraja la Kyaka likavunjwa, na watu wengi wakaukimbia mji wa Bukoba. Hapakuwa na mtu wa kuulizia barua. Jibu lake lilimfikia mwaka 1979, vita ikiwa imekwisha, na bahasha ilikuwa nene. Ila muhula aliopangiwa ulikuwa umepita, na hata anwani iliyoandikwa juu yake ilikuwa imepitwa na wakati: Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao mwaka huo ulipewa jina la Kagera. Alikuwa amekubaliwa na chuo akiwa mkazi wa mkoa usiokuwepo tena. Alicheka, akaikunja, akaenda kufundisha jiografia. Aliomba tena? Hapana. Alisema kungoja kwa namna ile mtu hukuweza mara moja tu.

Wako wa kwetu ambao majibu yao yalifika. Askofu Josiah Kibira wa Kanisa la Kilutheri alisoma Ujerumani, kisha Boston, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaja kuwa rais wa shirikisho la Walutheri duniani kuanzia mwaka 1977. Mama Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, alikwenda Uppsala, Sweden, na tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1984 ilihusu uchumi wa mashamba madogo ya migomba na kahawa ya Mkoa wa Kagera. Jambo hilo la pili nimelitafakari mara nyingi. Mtu anasafiri hadi kwenye theluji ili apate vitabu, wasimamizi na utulivu wa kuandika juu ya mgomba ulioota nyuma ya jiko la mama yake! Wapo wanaoona hiyo ni kejeli. Mimi naona ndivyo elimu ya juu inavyotakiwa kuwa, na ndiyo maana nilifurahi mjukuu wangu aliponijia na habari inayofanana na hiyo.

Mjukuu huyu ni binti wa marehemu mwanangu mkubwa. Alisoma Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na sasa anafundisha baiolojia katika shule ya sekondari ya kata. Anataka kusomea magonjwa ya mimea, hasa ule mnyauko wa migomba ambao ulituingilia Kagera katikati ya miaka ya 2000. Msomaji asiye wa huku labda hajui maana yake. Mgomba unaanza kunjano majani, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, ukikata shina linatoa utomvu wa rangi ya maziwa ya mtindi, na kisu ulichokatia kinaupeleka ugonjwa kwa mgomba wa pili usipokiunguza motoni. Wataalamu hutufundisha kulikonyoa ua la kiume kwa fimbo yenye panda na kung'oa mgomba mgonjwa. Tunafanya hivyo. Lakini mzee aliyekula ndizi za kibanja kile tangu utoto, ukimwambia ang'oe shina kwa shina, unamwambia avunje nyumba.

Binti alituma maombi kwa vyuo vinne, viwili vya Marekani na viwili vya Ulaya, mwezi wa Novemba, wakati watoto wa kijiji wanakesha kwenye taa wakikamata senene. Gharama zilinishangaza. Zamani tulilipia stempu tu. Leo kuna ada ya kila ombi, kuna mtihani wa Kiingereza unaolipiwa kwa dola, kuna kuomba nakala rasmi za matokeo. Mshahara wa mwalimu wa kata ulikwenda wote huko kwa miezi miwili, na mimi nilichangia mikungu ya ndizi na maneno.

Kisha kukaanza kungoja, na hapa ndipo nilipoona tofauti kubwa kati ya enzi yetu na yao. Sisi jibu lilikuwa mbali, kwa hiyo tulilisahau kati ya Jumanne na Ijumaa. Wao jibu liko mfukoni. Simu yaweza kulia wakati wowote, na kwa kuwa Boston au New York ikiwa saa kumi na moja jioni mwezi wa Machi kwetu ni saa sita usiku, majibu ya Marekani huingia watu wamelala. Binti alilala na simu chini ya mto. Alfajiri nilimwona uani, mwanga wa kioo usoni, akitafuta mtandao karibu na mti wa mruti. "Shikamoo, Babu." "Marahaba. Kimya?" "Kimya, Babu." Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yetu kuanzia Februari.

Na watu hawamwachi mtu angoje kwa siri. Jumapili baada ya ibada kila mama alimwuliza kama "karatasi" zimetoka. Shuleni hakutaka kupewa kidato cha nne, asije akawaacha katikati ya mwaka wa mtihani. Kijana aliyekuwa akimchumbia, ambaye namheshimu, alianza kuuliza kwa upole kama ajenge au asijenge. Yaani ombi ni la mtu mmoja, lakini wanaosimamishwa ni watu kumi.

Nilitaka kujua kwa nini vyuo hukawia hivyo, nikamwomba anieleze, naye alinichorea kwenye daftari. Idara hupokea maombi mengi kuliko nafasi zenye fedha. Huandika safu: hawa wa kwanza, hawa wa akiba. Wa kwanza hupelekewa barua. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili asishurutishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Kwa hiyo yule wa kwanza, ambaye pengine amepata nafasi tatu, anakaa nazo zote mkononi hadi siku hizo, na wa akiba hawezi kuambiwa ndiyo wala hapana mpaka yule aachie. Kumbe ukimya wa Machi si dharau. Ni foleni. Maelezo hayo yalinipunguzia hasira, ingawa nilimwuliza swali moja ambalo hakuwa na jibu lake: inagharimu nini kumwandikia mtu mistari miwili kwamba yuko katika foleni?

Majibu yalianza Machi. Chuo kimoja cha Ulaya kilikataa, kwa adabu na mapema, nami nikakipenda kwa hilo. Cha pili kilimkubali lakini jina lake halikuwamo kati ya waliopewa ufadhili. Kimoja cha Marekani kilimkubali pia, bila fedha, kikitaka athibitishe katikati ya Aprili na alipe amana ya kushika nafasi. Gharama za mwaka mzima, karo na maisha, zilipita shilingi milioni 100, na ili apewe hati ya kuombea viza alipaswa kuonyesha kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo. Cha nne kilikuwa kimya, nacho ndicho alichokitamani, maana waliokubaliwa huko husoma kwa kulipiwa.

Basi ukoo ukakaa. Mwanangu marehemu alimwachia binti yake sehemu ya kibanja kwa wosia. Baba yake mdogo alisimama akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba upande wa chini wenye kahawa ukatwe uuzwe, kiasi kitakachopungua kitafutwe kwa mkopo na harambee, maana katika ukoo huu hajatokea mtu wa Marekani. Mzee mwingine alipinga, lakini kwa hoja mbovu: eti ardhi ya ukoo haiuzwi na mwanamke. Nilimkumbusha kwamba jambo hilo lilianzia hapa hapa wilayani, katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, pale Holaria Pastory alipouza mwaka 1988 shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake, na likamalizwa na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990, kwa kutegemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza kama mwanamume anavyoweza. Haki ya kuuza anayo. Tuliloitiwa ni kama auze.

Mimi nililiona jambo lenyewe kuwa ni butura. Hapa kwetu mtu mwenye shida humwuzia mlanguzi kahawa ikali ua, kwa bei ya ua, na mavuno yakija huyaangalia yakipakiwa na mwingine. Serikali imeikataza biashara hiyo miaka nenda rudi na bado ipo, kwa sababu shida haingoji kahawa iive. Barua ya kukubaliwa bila fedha, yenye tarehe ya mwisho, humfanya mzazi mwenye akili timamu auze ua. Tena simlaumu. Mzazi anaona mlango uliofunguliwa nusu na saa inayokwenda, na aibu ya kuitwa aliyemzuia mtoto ni kubwa kuliko hesabu.

Sikusema hayo kikaoni, kwa sababu binti aliomba ruhusa aseme kabla yangu. Alipiga magoti, akawashukuru baba zake wote, mmoja mmoja, kisha akasema: "Babu, upande huo mnaotaka kuuza ndiko iliko migomba yangu ya majaribio. Mnyauko umeingia huko. Nimeng'oa mashina kumi na moja, mengine nimeyaacha niyaangalie. Tukiuza, nitakwenda kusomea nini?" Baba yake mdogo alisema Marekani hakukosi migomba. Akajibu kwamba migomba iko hata Ubelgiji, mjini Leuven, ambako aina zaidi ya 1,500 zimehifadhiwa katika vichupa vya maabara, mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani. "Lakini huko, Baba, haiugui." Wazee walicheka, na kicheko kikafanya kazi ambayo hoja za sheria hazikuifanya. Tulitafuna kahawa, tukatawanyika.

Tarehe 14 Aprili aliandika barua ya kukataa nafasi isiyo na fedha. Alinisomea kwanza. Ilikuwa mistari minne, ya shukrani, bila kisa kirefu. Nilimwambia ibaki hivyo hivyo.

Chuo kilichokuwa kimya kilijibu mwezi wa Julai, usiku, kama ilivyo desturi yao. Walisikitika. Aliniambia asubuhi, akiwa amevaa sare za michezo kwa ajili ya mashindano ya shule, na kabla sijapata neno la kumpoza alikuwa amekwisha kupanda bodaboda. Niliulizwa baadaye na jirani kama alilia. Sijui. Jioni alirudi amekauka sauti kwa kushangilia.

Mwaka uliofuata alichukua kidato cha nne, na kijana akajenga. Kibanja chote kipo. Mashina aliyoyaacha yaugue, matano yalikufa na mawili, kwa sababu ambazo bado anazichunguza, yamechipua machipukizi yanayoonekana mazima. Ameyafunga utambaa mwekundu ili mtu asiyapige jembe. Ametuma maombi tena Novemba iliyopita, mara hii vyuo viwili tu, vyote vya kulipiwa, na mmoja wa wadhamini wake aliomba barua yangu ya zamani aione. Sasa ni Machi. Tarishi hayupo, na mimi siwezi kuipima simu kiganjani.