Hongo, Panga na Miaka 30

Njia kuu ya misafara, itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji, ilipita Tabora, mji ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Kazeh. Mpagazi alikuwa na hofu mbili: watemi waliodai hongo, na rugaruga walioteka bila kudai. Hongo ile ilikuwa ushuru wa njia. Leo neno lilo hilo ni jina la rushwa. Njia hufa, neno likabaki, maana ikageuka.

Tabora ya leo ina Gereza la Uyui. Atiwaye hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Ndivyo kisemavyo kifungu kilichoongezwa katika Kanuni ya Adhabu mwaka 2004. Aingiaye na umri wa miaka 22, akikitumikia chote, hutoka na 52.

Mfungwa hupewa siku 10 za kutoa kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku 45 za kuleta hati yake, ambayo aweza kuipitisha kwa mkuu wa gereza. Aandikapo kwamba miaka ni mingi, kilio hicho hakimfai. Bunge limekwisha kupima, na jaji hana mkono wa kushuka chini ya kipimo. Mlango ulio wazi ni ushahidi. Taa ya usiku ule ilitoa mwanga gani? Shahidi alisimama umbali gani, kwa muda gani, na alimjua mshitakiwa kabla? Maswali hayo Mahakama ya Rufani iliyaweka bayana mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani. Silaha nayo isipothibitika, kosa laweza kushuka likawa unyang'anyi mtupu, na miaka ikapungua.

Hapo ndipo lugha inapobeba mzigo mzito kuliko pembe. Kwa miaka mingi shahidi alisema Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza, na mfungwa akakabidhiwa mwenendo wa kesi asioweza kuusoma. Kumwona mtu si kumtambua. Baina ya vitenzi hivyo viwili imelala miaka 30. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Sheria ni msumeno, husema wahenga. Aliyewekewa panga shingoni ana haki ya kuona unakata. Lakini msumeno haumjui mwizi. Humjua yule aliyeelekezewa, na anayeuelekeza ni neno la shahidi. Basi neno hilo na liandikwe kama lilivyosemwa.