Mafuta ya Mawese na Yaliyomo Ndani Yake

Sisi tukaao Kidahwe twaujua sana mchikichi, wala hakuna nyumba isiyoijua rangi ya mawese. Lakini mafuta hayo ni kitu gani hasa?

Mafuta ya viumbe, ya mti na ya mnyama pia, yamejengwa kwa molekuli, yaani chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Molekuli moja ina gliserini, nayo imeshika minyororo mitatu ya asidi, kama shina lenye matawi matatu. Vyote ni kaboni, haidrojeni na oksijeni. Zamani wataalamu walidhani vitu vya namna hii hufanyika ndani ya mwili ulio hai tu; hata mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akaifanya urea, iliyomo katika mkojo, mezani pake pa kazi.

Mama mmoja jirani yetu alituuliza, "Mwalimu, mbona machikichi yaliyolala hutoa mafuta makali, wanunuzi wakayakataa?" Swali jema. Katika nyama ya chikichi mna kimeng'enya, nacho ni protini yenye kazi ya kukata. Tunda likichubuka, kimeng'enya hukutana na mafuta, kikaikata minyororo ile. Asidi zikiisha kuwa huru, mafuta huharibika ladha. Moto hukikomesha kimeng'enya. Kwa hiyo yafaa machikichi yachemshwe upesi. Twajua desturi ya kuulaza mkungu siku kadhaa ili machikichi yapukutike bila taabu. Ni nafuu ya mikono, lakini hulipwa sokoni.

Tena liko jambo kubwa kuliko bei. Wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto aikosaye vitamini hiyo huanza kupapasa njia wakati wa magharibi, wenzake wakali wanaona; akizidi kuikosa, jicho hukauka, naye aweza kupofuka kabisa. Hata hivyo wako wapishi wayachomao mawese mpaka yawe meupe, ati yasitie rangi mchuzi. Hapo karotini imekwisha kuharibika, na kilichobaki chunguni ni mafuta matupu. Sisi nyumbani twayatia yangali mekundu katika maharage, au katika dagaa wa Ziwa Tanganyika, chakula kikiwa karibu kuiva. Na watoto wakichafua nguo zao, twazifua.